Vijisanamu vya vita: kampuni zikigombana, sisi tunapata nini?

Kibirizi_1: Wakuu, tunaocheza vita vya mezani kwa vijisanamu hapa Kigoma hatujai hata hiace, lakini hili linatuhusu. 2015 Games Workshop, kampuni inayotengeneza vijisanamu hivi, waliuzika mchezo wao wa Warhammer ya zamani, wakaleta Age of Sigmar yenye vitako (vibao anavyosimama askari) vya duara. Wenye majeshi ya vitako vya mraba wengi wakahamia Kings of War, mchezo wa kampuni pinzani, Mantic. 2024 Games Workshop hao hao wakaja na mchezo wa The Old World, mraba umerudi! Bila mshindani wangerudi?

Chapwa: Mkuu, walirudi kwa sababu watu wana hamu na ya kale. Bei imeshuka wapi? Ni kama dagaa tu: wa Mwanza wamejaa soko zima hapa Tabora, wa Kigoma bado wanauzwa kama dhahabu. Tofauti ni jina.

BintiUjiji: Jina?? Rudia tena. Wa Mwanza unaosha maji matatu na mchanga bado unakusaga meno.

Chapwa: Dada, mchanga ni kuanikwa chini. Wakianikwa kwenye chanja hakuna mchanga.

BintiUjiji: Basi na asali yenu ikiacha kupikwa na sukari tutaongea.

Chapwa: Asali ya Tabora usiiguse. Babu yangu amepanda miti kufuata mizinga hujazaliwa.

Kibirizi_1: Jamani, mada.

FundiRezini: Mshindani wa kweli si Mantic, ni printa ya 3D, ile inayojenga kijisanamu kwa rezini tabaka kwa tabaka. Mimi nachapa askari wa milimita 28 chumbani. Juzi umeme ulikatika saa nane usiku, asubuhi nakuta jemadari ana miguu na mkanda, kifua hakuna. Lakini hata nikimchapa upya, bado ni nafuu kuliko kuagiza na kulipia ushuru.

Chapwa: Na harufu ile? Shemeji analala wapi?

FundiRezini: Shemeji yako muache. Nafungua dirisha, navaa glavu, naosha kwa spiriti. Wewe umechapa nini zaidi ya maneno?

Kibirizi_1: Fundi, faili za michoro unayochapa ni za nani? Ukinakili za kampuni, huo si ushindani, ni wizi.

FundiRezini: Nanunua kwa wachongaji wanaouza faili zao wenyewe. Mwizi ni nani sasa?

Kibirizi_1: Sikusema wewe, nimeuliza.

BintiUjiji: Mkimaliza, Chapwa atutajie bei ya kilo ya wa Kigoma huko Tabora. Nina gunia mbili.

Chapwa: …Njoo inbox.