Habakuki: Mungu wa haki anawezaje kumtumia Mkaldayo?

Mwalimu wa kikundi, Malindi
Ndugu zangu, salamu katika Bwana. Kikundi chetu cha Biblia kimemaliza sura ya kwanza ya Habakuki na tumekwama. Nabii anamlilia Mungu kwa sababu ya dhuluma iliyojaa Yuda, ambako sheria imelegea na hukumu inapotoshwa. Naye Mungu anamjibu kwamba anawainua Wakaldayo, yaani watu wa Babeli, waiadhibu. Kijana mmoja akauliza: ikiwa Wakaldayo ni waovu kuliko hao wanaoadhibiwa, hiyo ni haki gani? Sipendi kumwambia aamini tu. Nisaidieni.

Mvuvi, Mayungu
Kijana ameuliza lile lile aliloliuliza nabii katika 1:13, kwa hiyo asinyamazishwe. Someni polepole mistari inayofuata, ambayo sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa: watu wamekuwa kama samaki wasio na mtawala, na Mkaldayo anawavua kwa ndoana, kwa wavu na kwa juya. Ndoana humtoa mmoja mmoja, lakini juya likikokotwa hadi ufukweni hubeba wakubwa, vitoto na mwani pamoja. Kisha huyo mvuvi anautolea wavu wake dhabihu, kwa kuwa ndio uliomnenepesha. Kwangu hilo ndilo shtaka lenyewe: Mungu amemfanya chombo, naye anaabudu vyombo vyake.

Mzee wa kanisa, Mpeketoni, Lamu
Ndugu mvuvi amesema kweli, ila jibu la Mungu limo katika sura ya pili, na wengi wetu tunaliruka. Tunashika 2:4, kwamba mwenye haki ataishi kwa imani yake, kwa sababu Paulo aliupeleka mstari huo katika Warumi na Wagalatia, tukaziacha zile “ole” tano zinazoufuata. Aliyeteka mataifa mengi atatekwa na masalio yao. Na nyumba iliyojengwa kwa dhuluma, jiwe lake litapiga kelele ukutani na boriti itaitikia. Nebukadreza wa Babeli aliwashinda Wamisri huko Karkemishi mwaka 605 KK, na Babeli ikaangukia mikononi mwa Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwaka 539 KK. Hapo katikati ni miaka 66, na wengi walioonja ukali wa Wakaldayo walizikwa kabla ya kuiona hukumu hiyo. Mwenye haki wa 2:4 ndiye huyo anayengoja bila kuiacha haki, hata kama siku haitamkuta.

Mwalimu wa kikundi, Malindi
Ahsanteni sana. Mzee, bado nina shaka na sura ya tatu. Mtini hauchanui, mashamba hayatoi chakula, zizini hamna ng’ombe, na nabii anasema atafurahi. Nikimsomea hayo mtu ambaye mahindi yake yamekauka, si nitakuwa ninamziba mdomo?

Mzee wa kanisa, Mpeketoni, Lamu
Mwalimu, utamziba mdomo ukianzia 3:17. Mstari wa 16 nabii anatetemeka, midomo inamcheza na mifupa inaoza kwa hofu, wala malalamiko yake ya mwanzo hayakufutwa kitabuni. Sura hiyo imewekewa maagizo ya waimbaji, maana yake hofu hiyo iliimbwa mbele ya watu pamoja na furaha yake. Anzieni 16, na huyo kijana ndiye asome.