Ushauri wakuu: CX-5 ya diseli kwa mizunguko ya Moshi mjini, ile DPF itanisumbua?

Mdau_wa_Soweto:
Habari zenu wakuu. Nataka kuagiza Mazda CX-5 ya 2013 au 2014 toka Japani, ile diseli ya 2.2, nimeipenda maana ina nguvu 420 Nm na mafuta inakula kidogo. Naishi Soweto hapa Moshi, kazini ni mjini, dakika kumi nimefika, Jumapili napanda Machame kwa wazazi, Arusha mara mojamoja sana. Sasa kuna fundi kaniambia hizi diseli za kisasa ni ugonjwa, kwenye ekzosi kuna kitu kinaziba gari linakosa nguvu, mwingine anasema likishuka tu bandarini nikakikate kile kitu nitulie. Mnashaurije kabla sijatuma hela? Na mafuta ya sheli zetu yanaifaa?

Fundi_Majengo:
Mangi tulia kwanza usitume hela. Hicho kitu ndo DPF yenyewe, chujio la masizi, kazi yake kudaka ule moshi mweusi usitoke nje. Likijaa linajisafisha, kompyuta inaongeza diseli kidogo kwenye silinda, ekzosi inapanda joto mpaka nyuzi 600 hivi, masizi yanaungua. Ila hiyo kazi inataka injini iwe imeshapata moto na gari liendelee kutembea kama robo saa au dakika ishirini, sasa wewe dakika kumi umeshazima, jioni umewasha tena umezima, kazi haiishi hata siku moja. Na ile diseli ya nyongeza sio yote inaungua, nyingine inateremka na kuta za silinda mpaka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, inachanganyika na oili. Ukichomoa stiki unakuta oili imepanda. Watu wengi wakiona hivyo wanafurahi wanasema gari haili oili kumbe ndo hatari yenyewe!! Kwenye hizo Mazda stiki ina alama ya X juu ya ile F ya kujaa, oili ikifika pale unamwaga siku hiyohiyo, ukiendelea nayo imeshakuwa nyepesi, inakula beringi na turbo.

Zinazokuja gereji kwangu nyingi shida ni oili, mtu kaweka ile ile anayowekea lori lake la Canter. Hizi zinataka oili yenye majivu machache, angalia dumu liwe limeandikwa DL-1 kama ni la Kijapani au C3. Masizi yanaungua lakini majivu ya oili hayaungui, yanabaki mle ndani milele.

Ufundi_Arusha:
Niongezee kwa fundi. Hiyo injini Mazda waliileta 2012 na ni kazi nzuri sana kusema ukweli, kompresheni yake, yaani inavyobana hewa, ni 14 kwa 1 wakati ile injini ya 1HZ ya Land Cruiser za utalii hapa Arusha ni 22.4. Ikiwa chini hivyo mafuta yanapata muda wa kuchanganyika na hewa kabla hayajawaka, masizi yanapungua na gesi chafu za NOx zinapungua, ndo maana walifaulu kipimo cha moshi cha Japani bila kuweka tanki la AdBlue, ile dawa ya kusafisha NOx kwenye ekzosi. Mafuta: toka Januari 2015 Afrika Mashariki tulikubaliana diseli isizidi salfa ppm 50, yaani sehemu 50 kwa milioni. Japani na Ulaya ni 10. Hata kwa hiyo 50 inatembea bila shida ila jaza sheli yenye mauzo makubwa, usinunue ya madumu barabarani kabisa, nozeli za hizi gari hazivumilii maji wala uchafu.

Mama_Njiro:
Jamani mimi sio fundi ila hilo la kukata naomba asishauriwe mtu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilishatamka wazi kwamba moshi wa diseli unasababisha saratani kwa binadamu. Watoto wetu asubuhi wanatembea pembeni ya barabara Kijenge na Sakina huko, gari likipita wanafunika pua na sweta. Volkswagen 2015 walibanwa Marekani kwa kuweka programu ya kudanganya kipimo, magari milioni 11 dunia nzima, wakalipa mabilioni ya dola. Huku kwetu gari limekuja safi toka kwao halafu tunalipeleka gereji tukalitoboe wenyewe, inaniuma sana hii kaka.

Mdau_wa_Soweto:
Mama nimekuelewa, sikati. Asanteni wote. Sasa fundi kwa hiyo nichukue ya petroli? Maana hiyo diseli roho imeshaipenda.

Fundi_Majengo:
Kwa mizunguko uliyoandika, petroli, sikufichi. Ungekuwa unaenda Arusha na kurudi kila siku ningekwambia diseli bila kufikiria, ile kilomita 80 chujio linajisafisha vizuri hata na hivi vibao vya mwendo wa 50 vya Usa River na Tengeru, halihitaji mwendo mkali linahitaji muda tu. Machame usiitegemee sana, kupanda sawa injini inapata moto ila kushuka unarudi umeachia mafuta, inapoa.

Ukishindwa kabisa kuiacha basi kila wiki itoe mpaka Bomang'ombe au uwanja wa ndege wa KIA urudi bila kuzima. Taa ya DPF ikiwaka usizime, endelea kuendesha zaidi ya 20 kwa saa mpaka izime yenyewe, ikianza kupepesa hapo njoo gereji. Na kabla hujalipa mwambie muuzaji akutumie picha ya stiki ya oili na vitabu vya sevisi, kama kasevisi kwa mpangilio itaonekana, akikataa tafuta nyingine zipo nyingi.