Naomba ushauri: ufa wa ukutani Ujiji, ni tetemeko la 1910 au ardhi imetitia tu?

Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Tunakusanya ushahidi wa matetemeko ya zamani mwambao wa Ziwa Tanganyika, na tumekwama mahali patatu.

Kwanza, kuta za matofali ya udongo. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha unaweza kuwa wa tetemeko la 13 Desemba 1910, lakini mchwa na msingi uliotitia huacha ufa uleule. Tunapima upana kwa milimita na mwelekeo kwa dira, kisha tunalinganisha nyumba kwa nyumba: nyufa zikielekea kila upande, tunaziweka kando. Kipimo hicho kinatosha, au mna kingine?

Pili, na hapa ndipo penye kazi: mtaro wa kukata mpasuko wa miamba (mahali ardhi ilipokatika na kusogea), ili tuone na kupima umri wa matabaka yaliyovunjwa na matetemeko. Tunapanga kina cha mita 3, kuta zikiegemezwa mbao kuanzia mita 1.5 (udongo mbichi hauna huruma). Mkaa wa kale tutakaoukuta humo kwa ajili ya kupima umri tutaufunga kwa foili, si karatasi. Shida ni kwamba kwa miaka 300 iliyopita, kipimo cha kaboni 14 (umri wa mabaki ya viumbe) hutoa tarehe mbili tatu kwa sampuli moja, na konokono wa ziwani huonekana wazee kuliko umri wao. Je, tutumie mbegu na vijiti peke yake, au tuongeze mchanga uliochukuliwa kwa bomba gizani, ili maabara ipime ni lini uliona jua mara ya mwisho?

Tatu, ufukwe ulioinuka: ziwa lilijaa sana miaka ya 1870 kabla Lukuga, mto unaotoa maji ziwani, haijafunguka. Mnautofautishaje na ardhi iliyonyanyuliwa na tetemeko?