Mjadala: Akhwari alimaliza mbio na goti bovu. Mwenye duka linalokula mtaji naye akaze tu?

Kibubu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Mtu akiomba ushauri kuhusu biashara inayosuasua, hakosekani wa kumtolea mfano wa John Stephen Akhwari. Oktoba 20, 1968, Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kijana wa Mbulu anaanguka kwenye msukumano, goti linaumia vibaya, anafungwa bandeji, anaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia kashachukua dhahabu kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari anaingia uwanjani kwa saa 3 na dakika 25, giza limeshaingia, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Heshima yake haina ubishi.

Ninachobisha ni kumpa mfano huo mwenye duka. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195, zikiisha zimeisha. Duka halina utepe wa kumalizia. Unaweza kukaza miaka mitatu na ukawa unakaza kuelekea kwenye deni. Isitoshe, kwenye mbio zilezile Abebe Bikila, bingwa wa Olimpiki wa 1960 na 1964, alitoka karibu na kilomita ya 17 kwa sababu mguu ulikuwa mbovu. Mbona yeye hatumtaji kwenye mahafali?

Tuweke namba. Duka la vyakula la mtaani, mtaji wa bidhaa milioni 2. Mauzo 150,000 kwa siku, faida ghafi (kabla ya kutoa gharama) asilimia 10, yaani 15,000. Kwa siku 30 ni 450,000. Kodi ya fremu (chumba cha duka) 100,000, umeme 30,000, ulinzi na taka 15,000, kijana wa dukani 120,000. Jumla 265,000, inabaki 185,000. Hapo hajagusa marejesho ya kausha damu, mkopo wa mtaani wa riba kubwa: kachukua 300,000, anarudisha 12,000 kila siku kwa siku 30, jumla 360,000. Mwezi unaisha ana pengo la 175,000, na watoto hawajala. Mimi nasema afunge.

Dada wa Leja

Kibubu, kujumlisha umejumlisha sawa, ila umechanganya duka na deni. Mtu anayefikiria kufunga ana swali moja tu la kuanzia: nikifunga kesho, ni gharama ipi inakoma?

Umeme unakoma. Mshahara wa kijana unakoma. Ulinzi na taka vivyo hivyo. Kausha damu haikomi. Jamaa atakuja na daftari lake hata kama mlango umefungwa. Kodi nayo, fremu nyingi mtaani hulipiwa miezi sita mbele, kwa hiyo hela ilishaondoka na mwenye nyumba hairudishi. Ukitoa zile zinazokoma tu, 165,000, duka bado linaingiza 285,000 kwa mwezi mpaka siku kodi itakapoisha. Akifunga leo anapoteza hiyo 285,000 na deni anabaki nalo.

Hapa kinachoumwa ni mkopo. Riba ya 60,000 juu ya 300,000 huitwa "asilimia 20 kwa mwezi", ila hilo ni jina tu. Siku ya 15 umesharudisha 180,000, lakini riba uliyopigiwa ni ya 300,000 nzima, kana kwamba umekaa nazo zote mwezi mzima. Ukweli wake ni karibu mara mbili ya hiyo asilimia. Halafu tazama siku moja moja: faida ghafi 15,000, rejesho 12,000. Inabaki 3,000 ya umeme, kijana na ugali. Haitoshi, basi anachota kwenye hela ya mzigo. Sukari inaisha Alhamisi, hairudishwi mpaka Jumatatu. Mteja aliyekuja kwa robo ya sukari angechukua na kipande cha sabuni na kiberiti. Vyote anavinunua duka la pili, na kesho anaanzia hukohuko. Mauzo yanashuka, rejesho halishuki. Ndiyo maana mtaji wa milioni 2 haumalizi ile miezi 11 unayoipata ukigawanya kwa 175,000. Huanguka mapema zaidi.

Dawa ya kwanza ni kutokurudia mkopo ukiisha. Zile siku 30 abane, auze kwa bei ya kununulia vitu vilivyolala: vipodozi, madaftari ya shule nje ya msimu, makopo yaliyoshika vumbi. Asipunguze bei ya unga, sukari wala mafuta ya kula. Hivyo vinatoka vyenyewe, ukivipunguzia bei unajiibia. Hela ya vilivyolala iende kwenye rejesho, hela ya vinavyotoka irudi kununua vinavyotoka. Bahasha mbili, zisikutane.

Mizani Sawa

Naunga mkono, ila hiyo asilimia 10 ni ya kuhesabu kwenye karatasi. Nendeni kwenye mizani. Mfuko wa sukari wa kilo 50 unatoa robo 200. Kijana akizidisha gramu 5 kwa kila robo, na mkono wa haraka unazidisha hizo bila kujua, kilo nzima imekwenda. Hiyo ni asilimia 2 ya mfuko, kwenye bidhaa ambayo faida yake mara nyingi haifiki 10. Mafuta ya ndoo ni hivyohivyo: kipimo kinachochuruzika, chupa ya mteja kubwa kuliko ulivyodhani.

Kabla ya kuamua kufunga, pima siku saba. Robo zifungwe usiku kwa mizani, zisipimwe mteja amesimama. Kila kinachoingia jikoni kutoka dukani kiandikwe, hata nyanya ya kopo moja. Wengi wanaosema duka halina faida wanaila faida hiyo usiku pamoja na wali.

Ngongo

Samahani, mnamwonea Akhwari. Hakukaza kipofu. Kiungo kilikuwa kinauma lakini kinabeba, na mwaka 1970 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika marathoni. Tano bora, miaka miwili baada ya goti lile. Angekuwa mtu wa kujiua barabarani asingefika Edinburgh.

Na kuna tofauti ambayo Kibubu ameiruka: Akhwari alikuwa anatumia mwili wake. Mwenye duka mara nyingi anatumia hisa za mke kwenye vikoba (vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana), na nyuma yake kuna wadhamini watakaolipa yeye akishindwa. Kukaza kwa goti lako ni ushujaa. Kukaza kwa akiba ya wenzako huwezi kuamua peke yako, lazima uende kikao cha kikundi kabla ya rejesho la kwanza kuruka, si baada ya la tatu. Kikundi kinaweza kuongeza muda kwa mwanachama aliyekuja mwenyewe. Aliyefuatwa nyumbani hapati hiyo.

Pekupeku

Mbona mnazungumza kana kwamba kuna kukaza na kuacha tu? Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, Paris. Mwaka 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwaka 2013 akahamia marathoni na kushinda ya kwanza aliyokimbia, Hamburg. Hakuacha kukimbia, aliacha umbali. Na Paris 2024 huyohuyo, baada ya kilomita 30 hivi, alisimama na kutoka.

Dukani ni hivyo pia. Huenda vyakula vinalipa na vipodozi vinaua. Kata upande mmoja.

Kibubu

Dada wa Leja, nimekubali kwamba asifunge leo. Lakini tuseme mkopo umekwisha, anabaki na ile 185,000. Duka linafunguliwa saa 12 asubuhi, linafungwa saa 4 usiku. Saa 16 kwa siku 30 ni saa 480. Gawanya: kama shilingi 385 kwa saa. Hiyo ndiyo faida mnayotaka aikazie? Akimwondoa kijana anafika 305,000, ila nani atakaa dukani yeye akienda kufuata mzigo?

Dada wa Leja

Hapo tuko pamoja, na ndiyo sababu nasema uamuzi una siku yake. Siku hiyo ni wiki sita kabla ya kodi kuisha. Kabla ya hapo kodi ni hela iliyokwenda, haiingii kwenye hesabu. Siku ya kulipa miezi sita mingine inaingia yote kwa pamoja, 600,000. Kama kwa mwezi bado hapati kinachozidi kile angepata akiuza nguvu zake kwingine, asilipe.

Akiamua kufunga, zile wiki sita ndizo za kazi. Asinunue tena kinachotoka polepole. Akusanye madeni ya daftari kabla mtaa haujajua, maana duka likishasikika linafungwa, wadaiwa hubadilisha njia. Aliyempa bidhaa kwa mali kauli (alipe akishauza) alipwe mapema, kesho atamhitaji. Mwisho aende TRA (mamlaka ya mapato) na barua ya kusitisha biashara, awasilishe ritani, yaani taarifa ya kodi, ya kipindi alichofanya kazi, na kama ana mashine ya EFD ya kutolea risiti asiiache kabatini, airipoti. Leseni aitolee taarifa halmashauri. Wengi wanafunga mlango tu, TIN (namba ya mlipakodi) inabaki hai, makadirio ya kodi na adhabu vinaendelea kupanda kwa biashara ambayo haipo.

Mizani Sawa

Friji liuzwe kwanza. Linakula umeme na hela yake inalipa rejesho.

Dada wa Leja

Hapana, Mzee. Joto la Dar hili, anayekuja kwa maji baridi ndiye anayeondoka na mkate. Apime kwanza umeme wa wiki moja akiwa amelizima na mauzo ya wiki hiyo, ndipo tubishane.