Mrejesho: ule mti uliooza shinani, sikuupanda

Wakuu, niliuliza kama nipande mti wenye uyoga shinani, unaolia kama ngoma ukigongwa, niupunguze matawi kabla ya kuuangusha. Asanteni sana mlionizuia, hasa aliyeniambia nitoboe kwa keekee nyembamba nipime mbao nzima iliyobaki. Shina lina kipenyo cha sentimita 80. Upande mmoja nilikuta sentimita 7 tu, kisha unga mtupu. Kwa kanuni mliyonipa, ya asilimia 30 ya nusu kipenyo, zilihitajika walau 12. Na huko juu majani yalikuwa ya kijani kabisa!

Nilifunga kamba kwenye mti jirani ulio mzima, nikakata matawi nikiwa nimening'inia huko. Mawili ya upande wa mbali sikuyafikia.

Kuangusha ndiko hakukwenda vizuri. Mbao niliyoiacha katikati ya mikato ili iongoze mti ilikuwa imeoza, ikakatika mapema, mti ukajizungusha ukalalia uzio. Hakuna aliyeumia: wasaidizi walisimama umbali wa mara mbili ya urefu wa mti, nami nilikuwa nimefyeka njia ya kukimbilia. Uzio nimeshautengeneza.