Miasmini ya bibi inaungua majani na masika yako mlangoni, nisaidieni

BintiMkomani
Assalaam aleikum wapendwa. Niko Amu, yaani Lamu, mtaa wa Mkomani, nyumba ya mawe. Bibi yangu alipofariki aliniachia miasmini sita kwenye madebe, imepangwa kiwandani, yaani uani, na ni mimi niliyemwahidi kuitunza. Kaskazi hii yote nimeinywesha kila jioni maji ya kisima cha humu ndani, maana ya bomba hayaji kila siku. Sasa ncha za majani zimekuwa za kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni, majani yanapukutika, na juu ya udongo pana ukoko mweupe. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa nachuma kikombe kizima alasiri, natia na rehani, nafunga vikuba, vile vishada vya kunukia. Jana nimepata vitumba vinne. Nimezidisha maji, wapi! Niipandishe juu darini ipate jua? Nisubiri mvua? Sitaki ife mikononi mwangu.

MzeeWaShela
Waaleikumu salaam, binti yangu. Pole kwa bibi, Mungu amrehemu. Ukoko huo utie ulimini, utajua mwenyewe: ni chumvi. Visima vya mjini viko karibu na bahari, na maji matamu ya Amu hutoka huku kwetu Shela, chini ya vilima vya mchanga. Kaskazi mvua hakuna, jua kali, maji unayomwaga yanakauka na chumvi inabaki debeni. Kila jioni unaongeza nyingine. Mti nao huivuta mpaka mwisho wa jani, ndiyo maana ncha huungua kwanza.
Kwangua ukoko pamoja na udongo wa juu, unene wa kidole. Kisha tafuta maji matamu, mimina polepole mpaka yatoke chini, rudia mpaka yawe mara mbili au tatu ya ujazo wa debe. Udongo ukauke kidogo ndipo unyweshe tena.

Kijana_Malindi
Dada, angalia pia chini ya majani na kwenye vifundo. Ukiona wadudu weupe kama pamba na sisimizi wanapandapanda, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Na ningekushauri uipandishe darini leo hii, asmini bila jua haitoi ua.

MamaVikuba
Jua ndiyo, lakini si leo, mwanangu. Mti uliozoea kivuli cha kiwandani ukiutoa ghafla kwenye jua la Machi utababuka wote. Uanze na jua la asubuhi, kwa muda wa saa mbili tatu hivi, uongeze kila siku.
Mimi nimeuza vikuba miaka mingi, na nakuomba usiogope mkasi. Ua la asmini hutoka kwenye chipukizi jipya, si kwenye tawi kuukuu. Mizizi ikishapata nafuu, kata theluthi ya juu, kila tawi juu kidogo ya kifundo. Masika yakianza weka ndoo na mapipa, maji ya mvua hayana chumvi. Samadi ya punda tunayo tele, ila iwe ile iliyokaa mpaka haina harufu. Mbichi huunguza.

NipoLeicester
Dada, uzi huu umenikumbusha nyumbani. Nina mwasmini mmoja dirishani. Huku Uingereza majira ya baridi nauangalia tu: maji kidogo sana, mbali na kipasha joto kwa sababu hukausha hewa. Machi hii mchana umeanza kuushinda usiku, nami nimeona chipukizi la kwanza, nikakaa nalo na kikombe changu cha chai asubuhi nzima. Sasa ndipo nabadilisha udongo na kuongeza maji. Nje siutoi mpaka mwisho wa Mei, baridi ya usiku ikiisha kabisa. Jirani yangu Mwingereza ana maua ya zambarau dirishani mwake, yale yanayoitwa Saintpaulia. Nilipomwambia asili yake ni milima ya Usambara, na kwamba mbegu zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892, alishangaa.

BintiMkomani
Nimerudi. Mzee, nimeonja. Ni chumvi kweli. Nilipolaza debe la kwanza nikakuta tundu la chini limezibwa na mizizi, imejisokota kama kamba ya jahazi, hata tone halitoki. Nimezibua kwa msumari, nikatoboa mengine matatu. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama chai ya rangi, ya tatu yakaja maangavu. Wadudu sikuwaona. Wiki iliyofuata nikakata. Nililia kidogo, Mama, kwa sababu matawi yale aliyafunga bibi kwa mikono yake.
Usiku wa kuamkia leo mvua imepiga, ndoo zote zimejaa. Asubuhi, kwenye kifundo cha debe la pili, pana jicho la kijani dogo kuliko punje ya mtama. Mama, samadi nitie sasa?

MamaVikuba
Ngoja, mwanangu. Chipukizi lifike urefu wa kidole kwanza.