Sanduku la biri la mwaka 2009: ladha imekufa, au mimi ndiye sijui kuvuta?

Jivu Refu (mwuliza swali)

Ndugu zangu, naomba msaada wa wenye uzoefu na biri zilizokaa miaka mingi. Nazungumzia zile nene zinazosokotwa kwa mkono, ambazo wengine huziita siga, wala si sigara za pakiti.

Nilinunua kwa mtu binafsi sanduku la biri 25 za Cuba, za umbo la robusto, yaani fupi na nene. Chapa yake sitaitaja, kwa sababu sitaki kuilaumu kwa jambo ambalo huenda ni kosa langu. Chini ya sanduku kuna maneno ya kawaida yaliyochomwa kwenye mbao, na pembeni yake mhuri wa wino wenye herufi tatu za kiwanda, kisha ABR 09, yaani Aprili 2009. Muuzaji aliniambia kwamba sanduku lilikaa kabatini kwake muda wote huo na kwamba nitaonja kitu ambacho sijawahi kukionja.

Mzigo ulifika jioni, na kesho yake nikawasha ya kwanza. Nilichopata ni ladha ya karatasi. Jani la nje lilipasuka karibu na kichwa mara nilipolikata, biri ikaungua haraka na kwa joto kali, na ilipofika theluthi ya mwisho ikawa chungu hata nikaiacha. Nimezihamishia zilizobaki kwenye sanduku langu la mwerezi, ambalo kipima unyevu chake kinasoma asilimia 70, kwa hiyo sidhani kama tatizo ni ukavu. Juu ya biri tatu au nne nimeona pia unga mweupe, na nimesoma mahali kwamba huo ni dalili ya ubora.

Je, biri hizi zimekwisha kufa? Na kama bado zina uhai, biri ya umri huu huonjwaje?

Fundi wa Mwerezi

Mkuu, uliyoyaeleza yote, yaani jani kupasuka, joto kali na kuungua haraka, ni dalili za biri kavu, na ningeanza kwa kukitilia shaka kipimo chako kabla ya kuitilia shaka biri. Vipima unyevu vya mshale, hasa vile vinavyokuja pamoja na sanduku, hudanganya mara nyingi kuliko vinavyosema kweli. Chukua chumvi ya mezani kijiko kimoja, uidondoshee maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, uiweke kwenye kifuniko cha chupa, kisha ufungie chumvi hiyo pamoja na kipimo chako ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa siku nzima. Hewa iliyo juu ya chumvi yenye maji namna hiyo hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo chako kikisoma tofauti, tofauti hiyo ndiyo uongo wake, nawe utaitoa au kuijumlisha kila unapokisoma.

Hata kama kipimo kingekuwa sahihi, biri iliyokauka kwa miaka hairudi hali yake kwa usiku mmoja. Ukiitia ghafla kwenye unyevu mkubwa, majani ya ndani huvimba kabla jani la nje halijalegea, na jani la nje likiwa jembamba na kavu litapasuka tu. Ningeanza na asilimia 58 au 60 kwa wiki tatu, nipande hadi 62, nikae hapo mwezi, kisha niishie 65. Biri changa wengi huziweka kati ya 65 na 70, lakini zilizozeeka huungua vizuri zaidi kwenye 62 hadi 65. Kuhusu mafuta ya jani, ukweli ni kwamba maji hurudi lakini mafuta yaliyopotea hayarudi, na hilo utaliona kwa macho, kwa sababu jani lenye mafuta hung'aa na kuteleza kidogo chini ya kidole, ilhali lililofifia huwa kama ganda la kitunguu.

Huo unga mweupe usiufurahie. Wauzaji huupamba kwa kusema ni mafuta ya tumbaku yaliyoganda, lakini mara nyingi sana ni kuvu tu. Ukiwa juu ya jani la nje peke yake, ufute kwa kitambaa kikavu na uzitenge biri hizo kwa wiki chache uone kama utarudi. Ukiuona kwenye mguu wa biri, pale majani ya ndani yanapoonekana, itupe, kwa sababu umeshaingia ndani. Ukizikagua, tafuta pia vitundu vidogo vya mviringo kama vilivyotobolewa kwa sindano nene. Hiyo ni kazi ya fukusi wa tumbaku, ambaye mayai yake huja na majani na huanguliwa joto likipanda, na ndiyo sababu tunasisitiza nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi. Ukivikuta vitundu hivyo, weka sanduku zima ndani ya mfuko uliofungwa vizuri kwenye jokofu la kugandishia kwa siku kadhaa, kisha lirudishe kwenye jokofu la kawaida kwa siku nzima kabla ya kulitoa nje.

(Na kwa kuwa umetaja mwerezi: mbao zinazotumika kwa masanduku haya huitwa mwerezi wa Hispania, lakini mti wenyewe, Cedrela odorata, si mwerezi wala hautoki Hispania. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi, na asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika.)

Theluthi ya Mwisho

Nakubaliana na Fundi wa Mwerezi kuhusu unyevu, ila naona swali lako la pili, la namna ya kuonja, ndilo litakalokusaidia zaidi, maana hata biri iliyotunzwa vizuri kabisa ingekuvunja moyo kama uliitarajia ikupige kama biri changa.

Tumbaku ya biri huvumbikwa marundo kwa marundo kabla ya kusokotwa, na katika joto la rundo hutoa amonia nyingi. Baada ya kusokotwa kazi hiyo haikomi, isipokuwa huenda polepole sana. Ndiyo maana biri za Cuba zenye umri wa miezi michache hupitia kipindi ambacho wavutaji hukiita cha ugonjwa, zinaponuka amonia na kuwa na ukali usiopendeza. Miaka ikipita amonia huondoka, ukakasi unaokausha ulimi hulainika, na ladha zilizokuwa zikigombana huanza kuchanganyika. Katika safari hiyohiyo nguvu nayo hupungua, na harufu zile nyepesi huruka kidogo kidogo. Umri hutoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine, na anayeonja biri ya miaka kumi na mitano anatafuta kilichobaki baada ya kelele kuondoka: ngozi iliyozeeka, mbao, majani makavu, utamu hafifu wa asali au wa kokoa isiyo na sukari, na pengine ladha ya uyoga au udongo uliolowa.

Vitu hivyo ni vidogo, na moto mkali huviua. Kata kile kifuniko kidogo cha jani kilichobandikwa kichwani, juu ya mstari wake wa chini, usishuke zaidi, maana ukishuka jani lote litafunguka. Kabla ya kuwasha, vuta hewa tupu mara mbili tatu, kwa kuwa mvuto huo mkavu hukueleza mengi: ukinusa nyasi kavu na utamu kidogo, kuna kitu humo ndani, usiponusa chochote, jiandae kwa lolote. Usitumie kiberiti cha petroli. Tumia kiberiti cha gesi au njiti ndefu ya mbao ambayo kichwa chake kimekwisha kuungua, na uuote mguu wa biri kwa moto usioigusa mpaka ukingo wote uwe mwekundu.

Baada ya hapo, mvuto mmoja kwa dakika ni mwingi wa kutosha, na kwa biri ya umri huu mimi husubiri hata dakika moja na nusu. Biri ikizima, gonga jivu, upulize kwa kutoa hewa nje ili moshi uliolala utoke, uwashe tena. Si aibu hata kidogo. Moshi haushuki mapafuni. Ushike mdomoni kwa pumzi moja, kisha usukume sehemu ndogo sana utokee puani, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokiita ladha hunuswa wala hakionjwi kwa ulimi. Katika biri changa zoezi hilo huwasha pua hata machozi yakatoka, lakini katika biri kongwe ndipo hasa utaona thamani ya miaka. Kunywa maji tu. Kahawa na pombe zina nguvu kuliko mgeni wako.

Na usivute siku inayofuata safari. Biri iliyosafirishwa imetikiswa na imepita hali za hewa nyingi, kwa hiyo iache walau mwezi.

Mbishi wa Moshi

Nitaharibu sherehe kidogo. Wenzangu wanazungumza kana kwamba kila biri ikitunzwa vizuri itakuwa bora zaidi ikizeeka, jambo ambalo mimi silikubali. Tumbo la biri ya Cuba hujengwa kwa majani ya sehemu mbalimbali za mmea: volado ya chini, ambayo kazi yake kubwa ni kusaidia kuungua, seco ya katikati, yenye harufu, na ligero ya juu, iliyopigwa na jua zaidi, nene na yenye nguvu. Biri yenye ligero ya kutosha ina akiba ya kula kwa miaka mingi. Biri iliyosukwa iwe laini tangu mwanzo haina akiba hiyo, na ukiifungia miaka kumi na mitano utakachopata ni ladha ya mbao zenye joto tu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwuza biri kongwe si umri wake, bali ilikuwaje ilipokuwa changa. Ikiwa ilikuwa haivutiki kwa ukali, nunua. Ikiwa ilikuwa tamu tangu siku ya kwanza, waliofaidi ni wale walioivuta siku ile.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni kuchukulia umri wa jani na umri wa biri kuwa kitu kimoja. Biri za Cuba zinazoitwa Reserva hutumia majani yaliyowekwa miaka isiyopungua 3 kabla ya kusokotwa, na Gran Reserva miaka isiyopungua 5, lakini biri yenyewe inaweza kuwa imetoka kiwandani juzi. Zile ziitwazo Añejados, zilizoanza kuuzwa mwaka 2014, ni kinyume chake: zimesokotwa kwanza, kisha zikazeekea ndani ya masanduku yake. Majani yanayozeeka marundoni hubadilika pamoja kwa wingi, ilhali biri iliyokwisha kusokotwa inazeeka peke yake na mwenye kabati ndiye anayeamua hatima yake. Ndiyo maana neno la muuzaji kwamba "lilikaa kabatini muda wote" halinitoshi hata kidogo. Kabati gani, na unyevu kiasi gani? Mhuri wa ABR 09 unathibitisha siku ya kuzaliwa tu, malezi hauyasemi.

Niongeze moja, kwa kuwa nimeona watu wakidhani kwamba biri kongwe, kwa kuwa ni laini, ni salama zaidi. Moshi wa biri una asili ya alkali, na kwa sababu hiyo nikotini yake hupenya kwenye ngozi ya ndani ya mdomo bila hata kuvutwa mapafuni. Ulaini wa ladha hauondoi madhara yake kwa kinywa na koo. Mimi huvuta chache sana kwa mwaka, na ninajua ninachokifanya.

Jivu Refu (mwuliza swali)

Narudi baada ya miezi mitatu na nusu, kama nilivyoahidiana na nafsi yangu. Kipimo kilisoma 83 kwenye mfuko wa chumvi, yaani kilikuwa kikinizidishia asilimia 8, na 70 niliyojivunia ilikuwa 62. Kumbe kosa hilo ndilo lililoziokoa, kwa sababu biri zilizotoka kavu kwa muuzaji zingetiwa kwenye 70 ya kweli siku ileile, nadhani zote zingepasuka. Nimezipandisha polepole hadi 65. Unga mweupe niliufuta, haujarudi, na vitundu sikuviona.

Jana niliwasha ya pili. Mvuto mkavu ulikuwa na harufu ya nyasi zilizokaushwa na mbali kidogo kitu kama zabibu kavu. Theluthi ya kwanza haikunipa kitu zaidi ya mbao, nikaanza kumkumbuka Mbishi. Kisha, karibu na katikati, nilipokuwa nimepunguza mwendo hadi biri ikakaribia kuzima, puani pakaja ngozi na kokoa kwa uwazi ambao sijawahi kuupata kwenye biri changa, ukakaa kwa muda wa dakika ishirini hivi. Theluthi ya mwisho ilikuwa tupu, bila uchungu safari hii, nami nikaiweka chini ikafe yenyewe.

Zimebaki 23. Nizivute sasa, au nizipe miaka mingine mitano?

Mbishi wa Moshi

Zivute. Biri ambayo theluthi mbili zake zimekwisha kunyamaza haihitaji miaka mingine mitano, na hizo dakika ishirini za katikati zinaweza kuwa kumi ukizikawiza. Ukitaka kujifariji, weka tatu pembeni, uandike tarehe kwenye kifuniko, na uje utuambie kama nilikosea.

Fundi wa Mwerezi

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Mbishi. Ila hizo tatu zishushe hadi 62, na ununue kipimo kipya.